Aida ya Verdi isikilizwe kutoka Jinja: uzi wa wapenzi wa opera na muziki wa klasiki Uganda

MwanaJinja

Wadau wa muziki, salaam zenu kutoka Jinja.

Kuna opera moja, yaani tamthilia nzima ya kuimbwa, ambayo naamini sisi wa Uganda tuna haki ya kuisikiliza kama wenyeji, si kama wageni waalikwa. Ni Aida ya Mwitaliano Giuseppe Verdi. Aliyekwisha kuisikia ajongee, na ambaye hajawahi aje vilevile, twende pamoja taratibu.

Kisa chenyewe hakina mafumbo. Aida ni binti wa Amonasro, mfalme wa Ethiopia. Ametekwa vitani na sasa ni mtumwa wa Amneris, binti wa Farao, na pale Misri hakuna anayejua yeye ni nani. Radamès, jemadari kijana, anampenda Aida. Amneris naye anamtaka Radamès huyo huyo. Kisha Radamès anateuliwa kuongoza jeshi kwenda kusini kupigana na Waethiopia, maana yake kupigana na baba yake Aida.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyoniteka. Ni usiku wa mbalamwezi kando ya Mto Nile. Orkestra inaanza na noti moja tu, sol, fidla zinairudia juu na chini kwa upole, halafu filimbi inapita juu yake. Kutoka hekaluni zinasikika sauti za makuhani wakiomba. Aida anaingia peke yake. Amekuja kuonana na Radamès kwa siri, na moyoni amekwisha kata shauri: kama amemwita ili amuage tu, atajitupa mtoni. Obo, zumari la orkestra, inalia, naye Aida anaimba "O patria mia", ee nchi yangu, sitakuona tena kamwe. Anaitaja mbingu ya buluu, vilima vya kijani, mabonde yenye ubaridi. Nchi anayoilia iko kusini, huko mto unakotoka. Karibu na mwisho sauti inapanda hadi do ya juu, na Verdi ameagiza iimbwe kwa utamu, bila kusukuma. Masoprano wengi, waimbaji wa kike wa sauti ya juu, wanaiogopa noti ile kuliko aria nzima, yaani huo wimbo wake wa peke yake.

Sasa historia. Aida iliagizwa na Khedive Ismail, mtawala wa Misri, aliyemlipa Verdi faranga 150,000. Ilionyeshwa mara ya kwanza Cairo tarehe 24 Desemba 1871. Ilikuwa itoke mapema mwaka ule, lakini mandhari ya jukwaa na mavazi vilikuwa vikitengenezwa Paris, na Paris ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Prussia. Hayo husimuliwa sana. Lisilosimuliwa sana ni kwamba Ismail huyo huyo, mwaka 1869, alimtuma Mwingereza Samuel Baker na jeshi wapande Nile waje kuziweka nchi za kusini chini ya Misri. Usiku ule Cairo walipokuwa wakishangilia Radamès akirudi na mateka kutoka kusini, jeshi halisi la Ismail lilikuwa njiani kuja kwetu. Mei 1872 Baker akasimama Masindi akatangaza kwamba Bunyoro ni ya Misri. Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na watu wake hawakukubali. Mwezi uliofuata wakapigana, na Baker akalazimika kurudi nyuma hadi Patiko, huko Acholi.

Basi katika Aida, sisi tuko upande wa Amonasro. Hatukuwa watazamaji, tulikuwa wale ambao jeshi linawaendea.

Na mkumbuke mwisho wa Kabalega mwenyewe. Alikamatwa mwaka 1899 akapelekwa uhamishoni Ushelisheli. Aliporuhusiwa kurudi mwaka 1923, alifariki hapa Jinja, Mpumudde, kabla hajaikanyaga Bunyoro. Mtu wa Jinja akimsikia mwanamke kando ya Nile akiimba kwamba hataiona tena nchi yake, hahitaji kutafsiriwa Kiitaliano.

Karibuni.

Gulu Kwetu

Patiko mabaki ya ngome ya Baker yapo mpaka leo, mawe yake tumeyapanda sana tulipokuwa wanafunzi. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba wakati ule ule kulikuwa na opera. Endelea mkuu.

Sauti ya Tatu

Kaka, maneno yako yamenigusa, ila mimi kikwazo changu ni namna ya kuimba. Naimba sauti ya tatu, yaani tena, kwenye kwaya ya kanisa hapa Kasese, na mwalimu wetu akimsikia mtu anatetemesha sauti anamnyamazisha papo hapo. Hawa wa opera wanatetemesha mwanzo mwisho. Kwa nini?

MwanaJinja

Swali zuri sana, Sauti ya Tatu, na mwalimu wako yuko sahihi kwa kazi yake. Kwenye kwaya, waimbaji kumi wa tena wakitetemesha kila mmoja kivyake, noti inapotea na chodi haikai. Kwaya inataka sauti ziungane.

Mwimbaji wa opera ana kazi nyingine. Anasimama mbele ya orkestra ya watu hamsini, sitini au zaidi, katika ukumbi wa watu elfu mbili, bila maikrofoni. Hawezi kuishinda orkestra kwa kupiga kelele, koo lingeharibika ndani ya mwezi. Anachofanya ni kulipanga koo na kinywa ili sauti ipate mng'ao mkali kwenye mawimbi ya karibu Hz 3,000. Nguvu kubwa ya orkestra iko chini ya hapo, na sikio la binadamu ni jepesi mno kwenye eneo hilo. Ndiyo maana mtu mmoja anasikika juu ya fidla zote. Mtetemo nao unatokana na koo lililolegea na pumzi inayotiririka vizuri. Akiuzuia kwa nguvu, sauti inakakamaa.

Niseme na jambo linaloniuma. Makanisa yetu mengi siku hizi yamejaa spika. Kwaya ya watu thelathini, sauti nne nzuri, kisha kila safu inawekewa maikrofoni na fundi anapandisha hadi mwisho. Kinachotoka si kwaya tena. Waimbaji wanazoea kuimba kwa koo, wanaacha kusikilizana, na alto hawajui kama wamezama au la. Siku umeme ukikatika katikati ya ibada na kwaya ikaendelea bila spika, sikilizeni: zile sauti nne zinasimama zenyewe hewani. Hapo mnasikia kitu ambacho opera haijawahi kukiacha.

Alto wa Kampala

Ndugu yangu, ahsante kwa kuwakumbuka alto, huwa tunasahaulika.

Nina nyongeza kwa wale wanaosoma kimyakimya wakidhani muziki huu hawaujui. Wimbo wa Ligi ya Mabingwa wa UEFA unaoimbwa kabla ya mpira, ambao mmeusikia kwenye kila kibanda kuanzia Wandegeya hadi Lira, uliandikwa mwaka 1992 na Mwingereza Tony Britten kwa kufuata kazi ya Handel iitwayo "Zadok the Priest". Handel aliitunga mwaka 1727 kwa kutawazwa kwa mfalme George wa Pili wa Uingereza, na imeimbwa katika kila kutawazwa kwa wafalme wao tangu siku hiyo. Itafuteni yenyewe. Fidla zinapanda ngazi kwa ngazi zaidi ya dakika nzima, hakuna anayeimba, unaanza kujiuliza kuna nini, halafu kwaya nzima na tarumbeta na ngoma vinafyatuka pamoja. Nimewachezea vijana wa mtaani kwetu wanaoishi kwa ajili ya mpira, na wote walikaa wima.

Handel huyo huyo ndiye aliyetunga Masihi mwaka 1741, kwa siku 24 tu, na ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Kwaya gani Uganda haijawahi kuihangaikia ile "Haleluya"? Tumeisoma kwa solfa, kwenye karatasi zilizonakiliwa mpaka herufi zimefutika. Wengi wetu tumekuwa ndani ya muziki wa klasiki tangu utotoni, ila hakuna aliyetwambia.

Mpita Njia

Nilisoma mahali kwamba Aida iliandikwa kwa ajili ya ufunguzi wa Mfereji wa Suez. Si kweli?

MwanaJinja

Si kweli, ingawa inarudiwa sana. Mfereji ulifunguliwa Novemba 1869. Jumba la opera la Cairo lilifunguliwa mwezi huo huo, lakini opera iliyoimbwa ni Rigoletto, kazi ya zamani kidogo ya Verdi. Aida ilikuja miaka miwili baadaye.

Mnubi wa Bombo

Assalaam aleikum wote.

MwanaJinja, nimesoma uzi wako nikakaa nao kutwa nzima kabla ya kujibu. Wewe umesema sisi wa Uganda tuko upande wa Amonasro. Mimi ni Mnubi. Wazee wetu walikuwa askari wa Misri. Walibaki Equatoria, jimbo la Misri la kusini kabisa, chini ya gavana wake Emin Pasha, na mwaka 1891 Mwingereza Lugard akawakuta kwa chifu Kavalli akawaleta huku kuwa jeshi lake. Hata Kiswahili na Kinubi tunavyovizungumza hapa Bombo vina njia ile ya jeshi ndani yake. Kwa hiyo mimi nikimwona Radamès anapewa bendera, naona babu zangu wamesimama nyuma yake.

Lakini tena, wengi wa askari wale hawakuzaliwa Misri. Walichukuliwa kwa nguvu kutoka vijiji vya Sudan ya kusini, wakapewa bunduki, wakarudishwa kusini kupigana na watu kama wao. Sasa mimi nikae upande gani?

MwanaJinja

Wa aleikum salaam, mzee wangu. Umeuliza swali lililo moyoni mwa opera yenyewe, na Verdi ameliweka mapema kabisa.

Sikiliza sehemu ya kwanza. Jeshi linaagwa, umati unampigia Radamès kelele, "Rudi mshindi!" Aida yuko katikati ya umati ule, naye anabebwa na msisimko, anapaza sauti pamoja nao. Kisha wote wanaondoka, anabaki peke yake, na yale maneno yanamrudia kinywani: rudi mshindi. Ndipo anapoyasikia kwa mara ya kwanza. Mshindi juu ya nani? Juu ya baba yangu? Juu ya ndugu zangu? Orkestra inamkimbiza. Anaiomba miungu iyafute maneno aliyoyasema, dakika hiyo hiyo anamkumbuka Radamès na hawezi kuomba afe. Anafika mahali hawezi kumwombea yeyote, kwa sababu kila dua yake ni laana kwa mtu anayempenda. Mwisho anaomba huruma tu, kwa sauti ndogo kabisa.

Mzee, hakuna anayeweza kukuchagulia upande, na opera hii haikulazimishi. Niliposema tuko upande wa Amonasro nilikuwa nikiongea kama mtu wa Jinja. Kwa mtu wa Bombo, Aida mwenyewe ndiye jirani wa karibu zaidi. Nakuomba uisikilize aria ile, kisha urudi utuambie umesikia nini. Sikio lako litasikia mambo ambayo mimi siyasikii.

Sauti ya Tatu

Hapa nimeelewa. Niulize lingine. Kuna ile gwaride kubwa yenye tarumbeta, kila mtu anaijua. Kuna la ziada humo?

MwanaJinja

Lipo, na ndipo ninapotaka tukae.

Verdi aliagiza tarumbeta sita maalumu, ndefu, zilizonyooka. Tatu ni za la bemoli (la iliyoshushwa nusu hatua), tatu ni za si ya kawaida. Zile tatu za kwanza zinapiga wimbo upande mmoja wa jukwaa. Unadhani umemalizika, kumbe zile tatu nyingine zinaudaka wimbo ule ule hatua moja na nusu juu, na jukwaa lote linapanda nazo. Hakuna ujanja mwingine pale. Nguvu yake inatokana na makundi mawili yenye sauti tofauti kugawana wimbo mmoja.

Je, si hivyo ndivyo amakondere yanavyofanya? Zile tarumbeta za vibuyu za Bunyoro na Buganda, zinazopulizwa ubavuni mbele ya wafalme wa huko, Omukama au Kabaka, kila moja ina noti yake. Hakuna mpulizaji anayeubeba wimbo mwenyewe. Anaitoa noti yake pale inapohitajika na kunyamaza pale isipohitajika, na wimbo unazaliwa katikati yao. Anayelijua kondere anaielewa gwaride ya Aida kwa mwili, kabla ya kuielewa kwa kichwa.

Amadinda, marimba ya Buganda, imeenda mbali zaidi. Mbao 12 juu ya migomba miwili, wapigaji watatu. Wa kwanza anaanza, wa pili anatia mapigo yake katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake, wakikaa wakitazamana. Wa tatu ana mbao mbili tu za juu, na kazi yake ni kuzichomoa zile noti mbili za chini kabisa zilizojificha ndani ya mapigo ya wenzake na kuzitoa juu zisikike. Msikilizaji anasikia nyimbo tatu au nne ambazo hakuna mkono wa mtu mmoja unaozipiga. Marehemu Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Kabaka, aliwafundisha watafiti wa kigeni ufundi huu, na habari zake zikafika mbali. Mwaka 1984 kundi la wapigaji ngoma la Budapest lilipoundwa lilijiita Amadinda, na mtunzi mkubwa György Ligeti akaja kuwaandikia kazi yake. Yaani Hungaria kuna kundi la muziki wa klasiki lenye jina la chombo cha Buganda, na hapa kuna vijana wanaoamini muziki wa klasiki hautuhusu.

Alto wa Kampala

Usiwasahau watunzi wetu wenyewe, maana uzi umejaa Waitaliano.

Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda kwa Kiganda, kwa ajili ya siku waliyotangazwa watakatifu Roma, tarehe 18 Oktoba 1964. Ni oratorio kamili, kwaya na waimbaji wa peke yao na ngoma zetu. Justinian Tamusuza aliandika kazi ya fidla mbili, viola na selo iitwayo "Mu Kkubo ery'Omusaalaba", na Kronos Quartet ya Marekani ikaitia kwenye albamu yao ya mwaka 1992 ya watunzi wa Afrika. Nikiisikiliza nasikia endingidi, zeze letu la uzi mmoja, ndani ya fidla. Na Byron Kawadwa na Wassanyi Serukenya walitupatia "Oluyimba lwa Wankoko", tamthilia ya kuimbwa iliyopelekwa tamasha kubwa la sanaa za Afrika Lagos mwaka 1977. Mwaka huo huo Kawadwa akauawa chini ya utawala wa Amin. Nchi hii iliwahi kuwa na mtu aliyejaza ukumbi wa Jumba la Taifa la Sanaa kwa mchezo wa kuimbwa, na ikampoteza hivyo. Kila tunapozungumzia opera Uganda jina lake linastahili kutajwa.

MwanaJinja

Ahsante dada. Ukweli ni kwamba hilo la Kawadwa linahitaji uzi wake. Uufungue wewe, nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Gulu Kwetu

Mkuu, sasa tupe njia. Data ni ghali, opera ina saa ngapi, nianzie wapi, nimsikilize nani?

MwanaJinja

Nzima ni kama saa mbili na nusu za muziki. Usianze na nzima. Anza na sehemu ya tatu peke yake, kama nusu saa hivi, kuanzia ile noti moja ya fidla hadi Radamès anapojikabidhi kwa makuhani. Humo ndani mna kila kitu: aria, baba anayemlazimisha binti aisaliti mapenzi yake, kiapo, siri ya njia ya jeshi kuvuja, na kukamatwa. Pakua sauti tupu, achana na video, utaokoa data nyingi. Tafuta maneno yaliyotafsiriwa uyasome kwanza, kisha uyaweke kando. Tumia spika za masikioni. Spika ya simu inameza besi zote, na bila besi huwezi kuusikia mto.

Waimbaji: kwangu mimi Leontyne Price ndiye Aida. Mmarekani mweusi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1927. Rekodi yake chini ya kiongozi wa orkestra Georg Solti, iliyotoka mapema miaka ya 1960, bado sijaisikia nyingine ya kuipiku. Ukiwa na data ya ziada, tafuta video ya usiku alipoaga jukwaa la Metropolitan, New York, tarehe 3 Januari 1985. Anamaliza "O patria mia", ukumbi unalipuka, makofi yanaendelea dakika baada ya dakika, naye amesimama tuli, hatoki kwenye nafsi ya Aida, hadi uso unaanza kumshinda. Wengine wanampenda zaidi Montserrat Caballé chini ya Riccardo Muti, rekodi ya mwaka 1974, kwa sababu ya noti zake za juu zilizo nyembamba na safi. Sina ugomvi nao. Ila nikitaka kumsikia mtu anayeililia nchi yake, narudi kwa Price.

Mnubi wa Bombo

Nimesikiliza ile ya "rudi mshindi" mara nne. Sina maneno kwa leo. Nitasikiliza na sehemu ya nne ndipo nirudi.

MwanaJinja

Karibu mzee, tutakusubiri. Kwenye sehemu ya nne mwangalie sana Amneris. Makuhani wanamhukumu Radamès chini ya ardhi, wanamwita mara tatu ajitetee, mara tatu ananyamaza, na Amneris yuko juu anasikia kila neno na hawezi kufanya lolote, yeye binti wa Farao. Anawalaani makuhani usoni. Mimi nashikilia kwamba kuanzia hapo opera inakuwa yake, Aida anabaki na kaburi tu.

Alto wa Kampala

Hapo nakupinga, ndugu yangu. Amneris ndiye aliyetoka hekaluni kando ya mto akamwita Radamès msaliti. Analaani moto aliouwasha mwenyewe. Aida amejificha kaburini kabla Radamès hajashushwa, bila kuambiwa na mtu, kwa sababu alikwisha jua watamfanyia nini. Huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika opera nzima na Verdi hata hakuuonyesha jukwaani. Sikiliza tena ule wimbo wao wa mwisho, halafu uje tubishane vizuri.